Malalamiko kuhusu seti ya nzi bandia wa kuvulia trauti katika mito ya Mlima Kenya na Aberdare

Kaunti ya Nyeri,
24 Machi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: SETI YA NZI BANDIA ISIYOLINGANA NA MAELEZO YAKE

Naandika kulalamikia seti ya nzi bandia (ndoana zilizofungwa manyoya na nyuzi ili zifanane na wadudu wanaoliwa na samaki aitwaye trauti) niliyoinunua kwenu tarehe 11 Februari mwaka huu, dazeni 12 kwa shilingi 150 kila nzi, jumla shilingi 21,600, ambayo mliitangaza kuwa imechaguliwa mahususi kwa mito ya Mlima Kenya na Aberdare. Kazi yangu ni kuwaongoza wageni wanaovua trauti katika mito ya Thego, Naro Moru, Ragati na Gura, na nimeifanya kwa miaka 17. Bei yenu ilizidi ile niliyozoea kulipa, nami niliikubali kwa sababu ya neno hilo moja, "imechaguliwa", kwani nzi wa kuokoteza naweza kuwapata kwingine kwa bei nafuu. Baada ya kuitumia seti hii kwa wiki tano, sina budi kusema kwamba sioni dalili yoyote ya kuwa aliyeipanga amewahi kusimama ndani ya mmojawapo wa mito hiyo.

Nianze na kadi ya maelekezo iliyomo ndani ya kisanduku. Kadi hiyo inaugawa mwaka katika majira manne ya nchi za baridi, na kila dazeni imepewa miezi yake. Ikweta inapita Nanyuki, mwendo mfupi tu kutoka mito tunayoizungumzia, na mchana wetu una saa 12 hivi, iwe Januari au Julai. Kinachoubadilisha mto huku ni mvua: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na vipindi vya ukavu katikati, ambapo maji hupungua na kuwa maangavu kiasi kwamba samaki hukuona kabla hujamwona. Mvuvi wa huku hafungui kalenda ili achague nzi. Huenda ukingoni, akaangalia kama anayaona mawe yaliyo chini kwenye maji yanayomfika magotini, kisha ndipo akafungua kisanduku chake.

Kadi yenu inanielekeza kwamba mwezi wa Mei na Juni nitumie dazeni mbili za nzi wakubwa wa kuelea, wa rangi ya manjano iliyopauka, waliofungwa kwenye ndoana namba 10 (namba ikipanda, ndoana huwa ndogo zaidi). Nzi hao ni mfano wa Ephemera danica, mdudu wa Ulaya ambaye akiwa mchanga huishi ndani ya vishimo kwenye matope na mchanga laini chini ya maji, na ambaye kusini mwa Uingereza huruka kwa wingi kuanzia katikati ya Mei. Mito yetu inateremka juu ya mawe na majabali, na huyo mdudu hayupo. Zaidi ya hayo, mwezi wa Mei mto Thego huwa na rangi ya chai ya maziwa, na nzi wa kuelea wa manjano, hata angefungwa na fundi bora kiasi gani, hataonwa na samaki aliyejibana chini ya jiwe akisubiri mafuriko yapite. Dazeni hizo mbili, zenye thamani ya shilingi 3,600, hazina kazi yoyote kwangu.

Ili nisionekane nalalamika kwa mazoea tu, tarehe 2 Machi nilimpasua trauti wa upinde wa mvua wa karibu gramu 400, ambaye mgeni wangu alitaka kumla, nikayamimina yaliyokuwa tumboni mwake kwenye sahani nyeupe ya bati. Kulikuwa na vibumba vingi vya changarawe, kila kimoja na funza wake ndani, vile ambavyo funza wa kadisi, mdudu wa mtoni, hujijengea. Kulikuwa na nimfu, yaani wadudu wachanga waishio majini, wadogo weusi wenye mikia mitatu, wasiozidi urefu wa punje ya mchele. Kulikuwa na panzi mmoja mzima, na mguu wa kaa wa mtoni. Sahani hiyo moja ingetosha kuwaongoza katika uchaguzi wenu. Katika maji maangavu ya Februari tunahitaji nimfu bandia wembamba, weusi au wa kahawia, wa namba 14 na 16, kama vile Pheasant Tail na Hare's Ear, wenye uzito wa kuzama upesi kabla mkondo haujawapitisha juu ya samaki. Penye maji yanayochafuka povu kati ya mawe, nzi wa kuelea mwenye manyoya mengi ya jogoo shingoni, kama Adams wa namba 14, anatosha kabisa, kwa sababu samaki hapati muda wa kumkagua. Maji yakianza kuchafuka ndipo tunapotoa nzi mweusi mnene, na hapa kuna Kenya Bug, nzi aliyebuniwa na wavuvi wa nchi hii hii, ambaye kwa mshangao wangu hayumo hata mmoja katika seti iliyopewa jina la mlima wetu. Haimo pia mifano ya panzi, wala ya kumbikumbi, ambao mvua za kwanza zikinyesha huangukia maji kwa wingi na kuwafanya hata trauti wavivu wapande juu kula.

Dazeni tatu za nimfu mlizoleta zingeweza kuiokoa seti hii, lau zingekuwa zile mlizozitangaza. Maelezo yenu yanasema kwamba ushanga wa kichwani ni wa tungsteni. Mara ya kwanza nilipowatumia kwenye kidimbwi kirefu chini ya maporomoko madogo, niligundua kwamba walikuwa wakipita katikati ya maji bila kufika chini, hali nimfu wangu wa zamani wa ukubwa uleule alikuwa akigonga mawe. Niliwakata kumi kwa wembe, nikachukua na kumi wa zamani ambao nina hakika nao, wote wenye ushanga wa milimita 3, nikazipeleka shanga hizo kwa sonara mjini Nyeri. Kumi za zamani zilikuwa na uzito wa karibu gramu 2. Kumi zenu hazikufika gramu 1. Sonara alikwangua rangi nyeusi ya juu kwa tupa, chini yake ikang'aa shaba ya njano. Tungsteni ina uzito unaozidi mara mbili ya shaba kwa ujazo uleule, na ndiyo sababu bei yake ni ya juu. Anayelipia tungsteni akapewa shaba ametozwa fedha ya kitu ambacho hakupewa.

Kuhusu ndoana, tarehe 8 Machi mgeni wangu, mwalimu mstaafu aliyekuwa amesubiri safari hii kwa muda mrefu, alimnasa trauti wa kahawia kwenye mto Gura, samaki ambaye kwa macho yangu alikaribia kilo moja, jambo ambalo mtu anaweza kuvua msimu mzima asilione. Uzi haukukatika wala fundo halikufunguka. Tulipouvuta mshipi tulikuta ndoana imenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Ndoana yenye chuma kilichopikwa sawasawa hupinda kidogo ikarudi, au ikizidiwa huvunjika. Inayonyooka namna hiyo ni chuma laini. Nilijaribu nyingine sita nyumbani kwa kuzichomeka kwenye ubao na kuzivuta kwa koleo, na nne zilifanya vivyo hivyo. Tena kuna nzi wanane ambao uzi wa kichwani haukupakwa vanishi, wakafumuka baada ya kurushwa mara mbili tatu. Mmoja alifumuka mbele ya macho yangu, unyoya wake ukaelea na mto kama jani, nikabaki na ndoana tupu.

Hapa niseme jambo ambalo halihusu fedha. Wafungaji nzi wa Kenya wanajulikana mbali. Kwa miongo mingi kazi ya mikono yao imekuwa ikiuzwa Ulaya na Marekani, na lebo yenu inasema kwamba hata nzi hawa wamefungwa humu nchini. Siwalaumu wao. Fundi hufunga alichoagizwa, kwa ndoana na ushanga aliopewa. Lakini ni ajabu kwamba nzi afungwe Kenya, auzwe Kenya, ili avulie mto wa Kenya, huku akisindikizwa na kadi iliyoandikwa kwa ajili ya mto wa Uingereza. Mayai ya trauti yaliletwa huku kutoka Scotland mwaka 1905 na samaki wakazoea maji yetu na chakula chetu. Zaidi ya miaka mia moja imetosha kwa maelekezo nayo kuzoea.

Nilipiga simu ofisini kwenu tarehe 10 Machi. Mhudumu aliniambia kwamba wateja wengine hawajalalamika, na kwamba nzi wa kuelea wangefanya kazi vizuri zaidi nikiwapaka mafuta. Aliahidi kwamba ningepigiwa simu, na hadi leo sijapigiwa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, pamoja na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Kwa msingi huo naomba mnirudishie shilingi 9,000, yaani bei ya dazeni tatu za nimfu na dazeni mbili za nzi wa manjano, na mnibadilishie wale nzi wanane waliofumuka. Dazeni zilizobaki nitaendelea kuzitumia, kwa sababu nyingine ni nzuri, hasa wale Adams wa namba 14, isipokuwa kwamba nitalazimika kuijaribu kila ndoana kwa koleo kabla sijampa mgeni. Naomba pia msiendelee kuuza nimfu hao kwa jina la tungsteni kabla hamjaupima mzigo uliobaki ghalani. Kama mngependa kuipanga upya seti hii, niko tayari kumpokea mtu wenu na kumpeleka Thego kwa siku mbili bila malipo, mradi aje na viatu vya kuingilia majini.

Nimeambatanisha risiti, kadi ya maelekezo, shanga kumi zilizopimwa, moja ikiwa imekwanguliwa, na ndoana iliyonyooka. Nitasubiri jibu lenu la maandishi kwa siku 14 tangu tarehe ya barua hii.

Wako mwaminifu,

Mwongozaji wa wavuvi,
Kaunti ya Nyeri