Jumamosi Dunga: njooni na filta zenu

Hamjambo wapendwa. Jumamosi tukutane ufuoni Dunga saa tatu asubuhi, kila mtu na rola moja ya filamu nyeusi na nyeupe. Ya rangi iacheni nyumbani, filta hizi, yaani vioo vya rangi vya kuweka mbele ya lenzi, zitaipaka yote rangi moja.

Filta hupitisha rangi yake na kuzuia iliyo kinyume nayo. Ile nyekundu hutia giza anga la buluu mpaka mawingu yasimame kama pamba. Mwezi uliopita niliiweka mbele ya mtumbwi uliopakwa nyekundu wenye maandishi ya buluu: kwenye picha ubao ulitoka karibu mweupe, maandishi meusi ti. Magugumaji nayo yakawa giza. Anayetaka majani yang'ae alete ya kijani.

Tafadhali msisahau mwanga. Njano hudai mwanga mara mbili hivi, chungwa mara nne, nyekundu mara nane. Kwa hiyo kwa nyekundu, kasi ya kupiga picha ya sekunde 1/250 inashuka hadi 1/30, na mkono ukitikisika tu picha imeharibika. Kamera inayopima kupitia lenzi huhesabu yenyewe, ingawa kwa nyekundu nyingine hukosea. Kwa anayeanza, mimi ningempa ya chungwa.

Kabla ya kununua, soma kipenyo mbele ya lenzi yako kwa milimita: 49, 52 au 55. Mimi nina za 52, tutaazimana.

Mbingu ikifunga mawingu kabisa tutaahirisha, maana anga jeupe halitiwi giza na filta yoyote. Nitawaandikia Ijumaa jioni.