Kabla Atieno Hajaiacha Fizikia

Nakuru,
6 Septemba 2025

Mpendwa Mama Atieno,

Salamu nyingi kutoka huku Nakuru. Sisi tu wazima, na natumai nanyi hamjambo huko Kisumu.

Nimeupata ujumbe wako. Unasema binti yetu amekuja na fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu, na ameshaamua kuiacha Fizikia kwa kuwa muhula uliopita alipata asilimia 34, na wenzake wa bweni pia wanaiacha. Nakuomba, dada, fomu hiyo isirudi shuleni kabla hamjaketi pamoja mkaisoma barua hii. Kozi atakayoomba baada ya mtihani wa mwisho wa sekondari, yaani KCSE, wa 2027 inaweza kufungwa kwa alama moja ya kalamu atakayoitia hapo.

Hebu tuanze na yale yasiyo na hiari. Hisabati, Kiingereza na Kiswahili atafanya tu. Sayansi ni mbili kwa uchache. Jumla ya masomo isipungue saba, na shule nyingi huruhusu manane. Kwa hiyo uamuzi wenyewe ni wa nafasi chache: kama atabaki na sayansi ya tatu, kama ni Historia, Jiografia au Dini, na kama ataongeza Kilimo, Biashara, Kompyuta au Sayansi ya Nyumbani.

Kuna jambo linalowachanganya wazazi wengi, nalo ni hesabu ya gredi ya wastani. Tangu KCSE ya 2023, wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kila somo lina pointi, A ikiwa 12 na E ikiwa 1, kwa hivyo masomo saba yanafika 84. Ili kupata C+, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kusomea shahada, anahitaji pointi 46. Watu wakisikia hivyo husema basi, somo gumu halina madhara, likianguka litaachwa nje. Kwenye wastani ni kweli. Lakini KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, haimpeleki mtoto kwenye kozi kwa wastani peke yake. Kila kozi ina masomo yake manne, na kutoka humo hupatikana alama za klasta zinazopimwa juu ya 48. Wanafunzi wawili wanaweza kuwa na B ile ile ya pointi 60, mmoja akawa na pointi 40 katika masomo manne ya kozi na mwingine 32. Wa kwanza ataitwa, wa pili ataambiwa atafute kozi nyingine. Kemia dhaifu inaweza kujificha kwenye wastani, lakini kwenye Uuguzi haina pa kujificha.

Umesema Atieno hutaja mambo ya hospitali na mambo ya kompyuta. Udaktari unataka angalau B katika Bayolojia, katika Kemia, katika Hisabati au Fizikia, na katika Kiingereza au Kiswahili. Shahada ya Uuguzi inafuata masomo hayo hayo kwa C+. Unaona basi kwamba hospitalini anaweza kuingia bila Fizikia, ila mzigo wote wa nafasi hiyo utaangukia Hisabati, na hatakuwa na somo la akiba. Uhandisi hauna mlango wa pembeni: Hisabati, Fizikia na Kemia, zote tatu. Kwa kompyuta, Hisabati ndiyo ya kwanza, na kozi kadhaa zinadai Fizikia pia. Akibadili nia akataka sheria, ataulizwa B ya Kiingereza au Kiswahili. Akitaka ualimu wa sekondari, lazima awe na C+ ya wastani na C+ katika masomo yote mawili atakayofundisha, kwa hivyo somo aliloliacha kidato cha pili hawezi kuja kulifundisha.

Maoni yangu ni kwamba aibakishe Fizikia na afanye masomo manane. Asilimia 34 ya kidato cha pili si hukumu. Chukueni karatasi yake ya mtihani muiangalie swali kwa swali. Mara nyingi utakuta anaelewa kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ni nini na inazungusha vitu vipi, lakini amekosea pale pa kugeuza sentimita kuwa mita, au pa kuhamisha herufi katika fomula, au amechora grafu ya sheria ya Hooke bila kuandika vipimo kwenye mihimili. Hayo ni makosa ya Hisabati yaliyovaa nguo za Fizikia, na yanatibika kwa miezi mitatu ya mazoezi. Kama karatasi inaonyesha kwamba hata maswali ya kueleza kwa maneno ameyaacha wazi, na Hisabati yenyewe iko chini ya 40, hapo nitabadili ushauri: abaki na Bayolojia na Kemia, na nguvu zote ziende Hisabati.

Kabla hamjatia sahihi, mpigie mwalimu wa darasa umuulize mambo mawili. Kwanza, ni masomo gani yamewekwa kipindi kimoja kwenye ratiba? Shule nyingine huweka Fizikia na Historia kwa wakati ule ule, na mtoto hujikuta ameacha somo kwa ajili ya ratiba wala si kwa ajili ya uwezo. Pili, je, kuna mwalimu wa kudumu wa Fizikia, na maabara hutumiwa kuanzia lini? Karatasi ya tatu ya kila sayansi ni ya vitendo na ina alama 40. Shule inayongoja kidato cha nne ndipo ifungue maabara inawapotezea watoto alama za bure.

Sasa Hisabati, maana hapa ndipo wengi huchelewa. Karatasi ya kwanza ya KCSE hutoka zaidi katika mada za kidato cha kwanza na cha pili, na ya pili hutoka zaidi katika zile za kidato cha tatu na cha nne. Yaani karibu nusu ya mtihani wa 2027 Atieno ameshafundishwa, au anafundishwa muhula huu: logi, milinganyo ya mstari mnyoofu, trigonometria, ujazo, takwimu, pembe za duara. Likizo ya Novemba na Desemba asikimbilie masomo ya mbele. Achukue karatasi za kwanza za miaka iliyopita, afanye sehemu ya kwanza tu, yenye maswali 16 na alama 50, akipimiwa saa moja na robo. Swali asilolifundishwa aliruke. Akikosea, aandike swali hilo kwenye daftari la peke yake, pamoja na sababu ya kukosea, kisha alirudie baada ya wiki moja bila kutazama jibu. Aonyeshe kila hatua, kwa kuwa msahihishaji hutoa alama za njia hata jibu likiwa na kasoro. Na asikadirie desimali katikati ya hesabu; akifanya hivyo jibu la mwisho linatoka nje ya kiwango kinachokubalika.

Kiswahili kinadharauliwa, jambo ambalo linaniuma. Kwa mwenye kutaka Udaktari, B ya Kiswahili ina uzito ule ule wa B ya Kiingereza, na alama zake hupatikana mapema kwa kuandika. Karatasi ya kwanza ni insha mbili za alama 20 kila moja, ya kwanza ikiwa ya lazima, na kila insha isipungue maneno 400. Insha moja kwa wiki, isahihishwe na mwalimu, inatosha.

Mambo ya stakabadhi usiyaahirishe. Linganisha cheti chake cha kuzaliwa na matokeo ya mtihani wake wa mwisho wa shule ya msingi, KCPE ya 2023: majina yote, herufi kwa herufi, na mpangilio uwe mmoja. Kama jina lake la "Achieng" limeandikwa bila "g" mahali pamoja, anza kurekebisha sasa, maana usajili wa KCSE hufanywa mwanzoni mwa kidato cha nne na kosa litahamia kwenye cheti, kisha kwenye kitambulisho na maombi ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Nambari ya cheti hicho cha kuzaliwa pia anaweza kuihitaji akiingia kwenye tovuti ya KUCCPS. Weka faili moja yenye nakala za vitambulisho vya wazazi na risiti za karo. Pesa za serikali za chuo, tangu 2023, hugawanywa kuwa ufadhili na mkopo kwa kutazama uwezo wa familia, na familia isiyo na karatasi haiwezi kujieleza.

Likizoni mpeleke Maseno, si mbali na kwenu, au akija kwangu nitampeleka Egerton, Njoro. Aingie kwenye idara, aulize masomo yanayotakiwa, alama ya chini kabisa iliyokubaliwa mwaka jana, na kama kozi imeidhinishwa na bodi ya taaluma yake. Swali hilo la mwisho ni zito: mhitimu wa Uhandisi au Uuguzi ambaye kozi yake haitambuliwi na bodi hawezi kusajiliwa kufanya kazi.

Kumbuka pia kwamba hawa ndio wa mwisho wa 8-4-4, ule mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo. Nyuma yao hakuna kidato cha pili kingine, na mdogo wake anafuata mtaala tofauti kabisa, huyo tutamwandikia barua yake.

Nipigie picha ile fomu na ile karatasi ya Fizikia unitumie Jumapili, kabla hajarudi shuleni. Msalimie Baba Atieno.

Wako wa moyoni,
Mama Chebet