Kwa nini tunakutoza kukwangua rangi ya zamani

Mteja mmoja mwenye sheli alituambia waziwazi kwamba tumemwibia. Alituita tumchoree mishale na mistari ya maegesho, akapokea makadirio, akakuta humo "kukwangua". Akauliza: nimewaita mchore, mnanitoza kufuta?

Sheli ile ilishachorwa kwa rangi ya mafuta, ileile ya kupaka milango. Mwanzoni ilipendeza. Pale malori yanapokata kona kuingia kwenye pampu ikabanduka mapema, kwingine ikabaki magamba. Sasa, themoplastiki, yaani rangi ya barabarani tunayotumia sisi, huyeyushwa hadi karibu nyuzi 200 ikapakwa ingali moto, na hushika kile ilichokikuta chini. Ikikuta lami safi, inashika lami. Ikikuta magamba, itabanduka nayo. Ndiyo maana tunakwangua, tunafagia, tunapuliza vumbi, na penye zege tunapaka kwanza praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha. Kuchora kwenyewe ndiyo sehemu nyepesi, lakini ndiyo mteja anayoiona.

Halafu kuna swali la "rangi gani hii ya bei hivi?" Jibu lake ni unene wa mstari, pamoja na shanga za kioo. Shanga ni chembe ndogo tunazonyunyiza mstari ukiwa bado moto, na ndizo zinazorudisha mwanga wa taa za gari kwa dereva usiku. Rangi ya mlango haina. Mvua ikinyesha, inateleza pia. Muulize bodaboda aliyewahi kufunga breki juu yake.

Shule moja ilitaka zebra ya bluu na njano, rangi za sare yao. Tulikataa, wakatuona wakaidi. Dereva aliyetoka Tunduma hajui sare zenu, anajua michirizi myeupe. Alama hizi zina faida kwa kuwa zinafanana: mstari mzima usivuke, uliokatika waweza kuvuka kukiwa salama. Nchi nyingi zilikubaliana hivyo Vienna mwaka 1968, si ubunifu wa fundi. Isitoshe barabara si ya shule. Barabara kuu na za mkoa kibali kinatoka TANROADS, wakala wa serikali wa barabara hizo, na za mitaa na vijijini kinatoka TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Ndani ya geti lako tutachora utakavyo, ingawa hata huko tutabishana kidogo.

Mwenye sheli mwishowe alikubali nusu: tukwangue njia ya malori tu. Maegesho tukayachora juu ya rangi ya zamani, bila dhamana, na tukaandika hivyo kwenye risiti.