Tunaopiga picha maji ya bamvua tusifukuzwe ufukweni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikuta ufukweni hapa Tanga, na nitoe ombi kwa wanaohusika.

Mimi ni fundi cherehani, nashona Ngamiani, na huu ni mwaka wangu wa 26. Siku sita za wiki niko kwenye mashine. Jumapili ni yangu, na kwa miaka mitatu sasa Jumapili nyingi zimeniishia kando ya bahari, simu ikiwa imebanwa juu ya kigoda, ikipiga picha moja kila baada ya sekunde 10. Vijana wanaita taimulapsi. Unapiga picha nyingi za kitu kimoja bila kuisogeza kamera, kisha unazishona pamoja zinakuwa filamu, na jambo lililochukua kutwa nzima unaliona kwa dakika moja na nusu. Nasema kuzishona kwa sababu ndivyo mikono yangu inavyoielewa kazi hii: mshono mmoja peke yake haukai, lakini ikifuatana kwa nafasi sawa, nguo inasimama.

Aliyenionyesha ni mtoto wa dada yangu alipokuja likizo. Aliniwekea programu kwenye simu, akaondoka, nikabaki najifunza mwenyewe. Nilianza na asumini. Nilikata kitawi chenye matumba matano, nikakisimamisha kwenye glasi ya maji chini ya taa, nikapiga picha moja kila dakika kuanzia saa kumi jioni hadi saa tatu usiku. Picha 300, ambazo kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde ni filamu ya sekunde 12 na nusu. Mara ya kwanza ilitoka inapepesa, picha moja nyeupe, inayofuata nyeusi, kama kibatari kwenye upepo. Simu ilikuwa inapima mwanga upya kila inapopiga. Dawa yake ni kubonyeza kioo na kukishikilia kidole mpaka mwanga na fokasi, yaani ukali wa picha, vijifunge visibadilike tena, lakini hilo nililijua baada ya wiki nzima ya kuharibu. Mara ya pili umeme ulikatika saa mbili kasoro. Mara ya tatu niliyaona matumba yakifunguka, moja baada ya jingine, kila ua likitikisika kwanza kama mtoto anayeamka ndipo linajinyoosha. Nimevaa asumini kichwani tangu harusi yangu na sikuwahi kujua kwamba hutikisika. Nililia, sioni haya kulisema.

Baadaye nilisoma habari za Mwingereza mmoja, Percy Smith, aliyekuwa karani wa ofisi ya elimu London na aliyeanza kutengeneza filamu baada ya saa za kazi. Mwaka 1910 alionyesha filamu ya maua yakichanua, iliyotengenezwa kwa njia hii hii. Habari hiyo ilinitia nguvu sana. Karani na meza yake, mimi na mashine yangu.

Kutoka kwenye asumini nikahamia baharini, na huko ndiko lilikoanza la kuniandikisha barua hii.

Kwa ndugu zangu wa bara nieleze kidogo. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu tunapata bamvua, maji yanayokupwa mbali na kujaa sana. Tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hukupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi na hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo mtu anayetaka kupiga picha maji yakijaa anayapata yote mchana kweupe, kwa muda wa saa sita na ushei. Picha 6 kwa dakika, 360 kwa saa, 2,160 kwa saa sita: sekunde 90 kamili. Niliwahi kujaribu picha moja kila dakika ili kuokoa chaji, ikatoka sekunde 15 na ngalawa zinaruka kama panzi. Sekunde 10 ndizo zilizotulia.

Shida ni jua. Simu ikikaa juani tangu saa nne asubuhi huchemka na kujizima. Basi niliishonea kofia. Kitambaa cheupe mikunjo miwili, katikati nimetia godoro jembamba, na ukingo wa mbele umechomoza vidole vitatu ili usiingie kwenye picha. Chini yake kuna nafasi ya upepo kupita. Tangu niivalishe kofia hiyo, haijazima tena. Nikiulizwa kazi ninayojivunia katika miaka 26, baada ya gauni la harusi la binti yangu nitaitaja kofia hiyo.

Sasa lililonikuta. Jumapili moja, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nilikaa kwenye ufukwe mmoja si mbali na mjini. Nilikuwa nimeanza saa nne na nusu. Wanawake wa kuokota kombe na kuchokoa pweza walikuwa mbali huko maji yalikokimbilia. Nilikwishawafuata alfajiri yake na kuwaomba ruhusa. Walikubali kwa sharti nisiwasogelee, sura zisionekane. Saa nane na nusu, picha 1,440 zikiwa tayari ndani ya simu, akaja mlinzi wa jengo lililo jirani.

"Mama, hapa hapapigwi picha."

"Hapa wapi, mwanangu?"

"Hapa pote. Una kibali?"

Nikamuuliza kibali cha nani. Hakujua. Akampigia simu mkubwa wake, na mkubwa wake akasema nifute kila kitu. Nikamwonyesha kwamba simu imeelekea baharini, jengo lao liko nyuma yangu. Alitazama, akaelewa, lakini akasema na yeye anatafuta mkate wake. Nikafuta. Kijana yule hakunitukana wala hakunishika, na kigoda changu alinibebea mpaka barabarani. Ndiyo maana simlaumu. Alitumwa kulinda kitu ambacho mpaka wake hakuambiwa.

Yapo maeneo yasiyopigwa picha na ni haki yasipigwe: kambi za jeshi, bandari, na mengine yenye vibao vyake. Sigombani na hilo. Najua pia ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayotaka anayetengeneza filamu awe na kibali. Lakini mwaka 1976 Tanzania Bara hatukuwa hata na televisheni, tuliipata 1994. Kamera ya filamu wakati ule ilikuwa dude la kubebwa na watu, na mwenye nalo alijulikana mji mzima. Leo kila anayeshuka daladala ana kamera mfukoni. Kijana anayejipiga picha akicheza ufukweni haulizwi lolote. Mama mtu mzima aliyekaa kimya juu ya mkeka saa nne mfululizo, simu yake kwenye kigoda, ndiye anayetiliwa shaka. Kinachowatisha ni kule kukaa.

Baada ya siku hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wangu wa mtaa. Nikamweleza, nikamwonyesha asumini. Akaniandikia barua ya mistari mitano yenye mhuri: huyu ni mkazi wangu, fundi cherehani, anapiga picha za bahari kwa kujifunza, hauzi. Nikaichukua mpaka kwenye lile jengo siku ya kazi, nikaonana na mkubwa mwenyewe. Tulielewana kwa dakika kumi. Bamvua iliyofuata nilikaa palepale, nikapiga mpaka saa kumi na nusu, na yule kijana akaniletea chai.

Filamu ile niliionyesha mtaani kwetu. Nilishona vipande viwili vya kitambaa cha marekani, nikavitundika ukutani, projekta ya kuazima. Walikuja majirani, watoto, na wale wanawake wa pwani nikawapelekea habari wakaja kama wanane. Sekunde 90. Nyuma kabisa unaona vidoadoa vinainama na kuinuka juu ya mchanga. Mmoja akasimama, "Yule mimi! Si ndoo yangu ya bluu ile!" Watu wakacheka. Halafu mwingine, mtu mzima aliyezeeka kwenye kazi hiyo, akaniambia niirudishe. Nikairudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu alikwenda akaweka kidole kwenye kitambaa, kivuli cha mkono wake kikaangukia bahari yote, akasema, "Tazameni. Maji hayaji kutoka mbele. Yanapita huku mkondoni kwanza, yanatuzunguka nyuma."

Na kweli. Kwa macho ya kawaida unaiona bahari mbele yako bado iko mbali, unajiona una muda. Kwenye filamu maji yanaingia kwa mfereji ulio kati yao na nchi kavu, yanatanda kama chai iliyomwagika juu ya kitambaa, na wanawake wako upande wa pili wakiwa bado wameinama. Wazee walilijua hilo kwa miguu yao. Mabinti wawili waliokuja na mama zao hawakulijua, na walilijua usiku ule.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Bodi ya Filamu itutangazie kwa lugha nyepesi, hata kwa tangazo la nusu ukurasa, mtu anayepiga filamu fupi kwa simu yake, siku yake ya mapumziko, bila kuuza, anatakiwa afanye nini. Kama ni kwenda kwa mtu, tujue ni nani na ni bei gani, na kama si lazima, walinzi waambiwe. Wenyeviti wa mitaa wawaandikie watu wao barua kama niliyoandikiwa mimi, haigharimu kitu. Wenye majengo kando ya bahari waweke kibao kinachoonyesha mpaka wao unaanzia wapi na unaishia wapi. Na sisi tunaopiga tuwaombe ruhusa watu kabla, kila mara, hata wakiwa mbali na hata wakionekana wadogo kama sisimizi. Ndoo ya bluu inamtosha mtu kutambulika.

Nina haraka na jambo hili kwa sababu ya fundi mmoja wa Sahare. Nilimkuta anaunda mashua chini ya mkungu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wataka kunipiga mimi au chombo?"

"Chombo."

"Basi piga. Chombo hakina haya."

Nikapigilia msumari kwenye shina la mkungu, na kila siku kabla ya kufungua duka nilikwenda kuegemeza simu kwenye msumari huo na kupiga picha moja. Siku 63, picha 63. Nikazipeleka taratibu, picha 6 kwa sekunde, zikawa sekunde 10 na nusu: mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, umelala, mataruma yanasimama mawili mawili kama mbavu, mbao zinayafunika, nyufa zinazibwa kalafati, kisha siku moja pale pamebaki mchanga mtupu wenye alama ya kitu kilichoburutwa. Fundi alipoiona hakusema neno. Aliomba nimtumie mwanawe aliyeko Dar es Salaam, ambaye hajawahi kumwona baba yake akimaliza chombo.

Wiki iliyopita amenipigia kuniambia mkuku mwingine umelazwa. Msumari wangu bado upo kwenye mkungu.

Wako,
Mama Fundi,
Ngamiani, Tanga