Barua kwa swahiba aliyekodi mikarafuu

Wete, Pemba

Swahiba yangu Kombo,

Assalamu alaykum. Nimefurahi kusikia umekodi mikarafuu ya Mtambile. Umeniuliza utawashika vipi wachumaji wasikukimbie msimu ukipamba moto, nami naona umeuliza jambo lenyewe hasa. Wakodi wengi huhesabu miti na bei ya kilo, watu wakawaacha mwisho. Karafuu haingoji. Matumba yakianza kuona wekundu una siku chache tu, kwani yakifunguka vichwa hupukutika na mali hushuka daraja. Siku hizo ndizo ambazo kila mwenye shamba anatafuta watu kama unavyowatafuta wewe.

Kwa hiyo watafute sasa. Usiokote mmoja mmoja. Chukua kundi linalojuana, la shehia moja, na uwaache wenyewe wamchague mkubwa wao. Arbuni, yaani malipo ya awali, toa ndogo, mbele ya mashahidi, na iandikwe. Arbuni kubwa humtia mtu tamaa ya kuchukua na ya tajiri mwengine, mwisho nyote wawili mkamkosa. Kwa wachumaji wanane weka wachambuaji sita wa kutenga karafuu na vikonyo vyake, waanikaji wawili na karani mmoja. Usipunguze wachambuaji kwa kubana matumizi. Mchumaji hodari anamshinda mchambuaji kasi, na karafuu mbichi zikilala zimerundikwa ndani ya polo (gunia) hupata joto, zikaungua, na ukizianika hutoka nyeupe-nyeupe na kusinyaa. Hapo kazi ya kutwa nzima ya wachumaji imeharibika, na lawama itazunguka kundi zima.

Sasa pishi, kile chombo cha kupimia karafuu na kulipia kazi. Hapa ndipo makundi mengi yanapovunjikia, na nakuomba upashike sana. Tumia pishi moja msimu mzima, watu wote waione na waikubali siku ya kwanza. Jioni karafuu zimiminwe bila kushindiliwa, karani apitishe kijiti kilichonyooka juu ya ukingo ili iwe pishi ya mfuto, ahesabu kwa sauti, kisha aandike mara mbili: kwenye daftari lako na kwenye kadi anayokaa nayo mchumaji mwenyewe. Matajiri wengine hupenda pishi ifurike. Wanadhani wamefaidi, lakini mchumaji si mjinga: kesho yake atajazia kwa majani, vikonyo virefu na matumba machanga, nawe utakuwa unalipia takataka. Malipo yawe kila Alhamisi jioni, ili Ijumaa mtu aamke kwake ana cha kuwapa watoto. Ukichelewesha wiki moja tu, wa kwanza kuondoka ni yule hodari, kwa kuwa yeye ndiye anayetakiwa kila shamba.

Lakini malipo ya pishi yana ila yake: yanamharakisha mtu. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na likikatika umepoteza matunda ya misimu inayokuja, tena mwenye shamba hatakukodisha mara ya pili. Usitoze faini. Ukitoza, tawi litafichwa kichakani nawe hutajua lolote. Badala yake kubaliana na kundi kwamba kila mti uliomalizwa matawi yake yakiwa mazima unaongeza pishi kadhaa kwenye fungu la wote, linalogawiwa mwisho wa wiki. Utaona wenyewe wanaambiana, "Funga kamba, usilivute hivyo." Neno la mwenzake linamwingia mtu kuliko la msimamizi. Na kama kuna la kumrekebisha mchumaji, msubiri ashuke. Usimkaripie mtu aliye juu ya mti.

Kina mama wa kuchambua mara nyingi husahauliwa, na kazi yao ni nzito. Tazama mkono wa mchambuaji mzoefu: anashika shada kwa mkono mmoja, analisukuma na kulizungusha kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo, yaani vijiti vya shada, yanabaki upande ule. Kutwa nzima hivyo, kiganja huchubuka. Walipe kwa pishi ya karafuu zilizokwisha kuchambuliwa, na ukiweza waachie makonyo yawe yao. Makonyo makavu nayo yananunuliwa, na kiwanda cha Wawi, hapa Pemba, huyatoa mafuta. Mchambuaji akijua makonyo ni yake hatayaacha yachanganyike na karafuu zako, na kwenye kituo cha kuuzia karafuu utapita bila kurudishwa kuchambua upya.

Waanikaji walipe kwa siku. Hao usiwape pishi, kwa sababu kazi yao inataka subira. Kila jamvi liwe na mtu wake anayejulikana, maana wingu likitanda wakati wa mvua za vuli, hakuna muda wa kuulizana nani aanue. Jua likiwa zuri, siku nne au tano zinatosha ukiitandaza nyembamba na kuigeuza mara kwa mara. Karafuu iliyokauka hukatika kwa kishindo ukiivunja. Ikipinda, irudi juani. Siku ya kwenda kuuza ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, fuatana na mwanikaji mmoja na mchumaji mmoja, waione mizani, na stakabadhi isomwe mbele ya wote. Ukipata daraja la kwanza, waanikaji wape nyongeza siku hiyo hiyo. Pia waeleze mapema kwamba kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Asiyelijua hilo huona polo zilizotoka shamba, akaona zilizofika kituoni, akaamini umemwibia.

Asubuhi ya mvua asipande mtu. Gome likirowa huteleza, na mikarafuu mikongwe hupita mita 12. Siku hiyo wape wachumaji kazi ya kuchambua kwa malipo ya kutwa, kwani asiye na cha kupata ndiye atakayejaribu kupanda kwa siri. Jambo la nani atalipia matibabu mtu akianguka mlimalize kabla kazi haijaanza, liandikwe, na mkubwa wa kundi atie saini. Chakula sitakuchosha nacho: uji asubuhi, mihogo au ndizi adhuhuri, maji ya kunywa chini ya mti, na vyote vifike kwa wakati.

Niletee idadi ya miti uliyokodi na ukubwa wa sakafu yako ya kuanikia, nami nitakupigia hesabu ya majamvi na ya watu, ujue kama wachambuaji sita watatosha au uongeze. Wasalimie mama na wote nyumbani.

Wasalaam,
Swahiba wako, Faki