Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Niliacha Kotoni

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, nasi huku hatujambo. Uliponiuliza kwa simu kwa nini niliacha kulima mwani wa kotoni nikabaki na ule wa aina ya pili, spinosamu, nilikujibu "bahari imechoka", maana salio lilikuwa linakwisha. Leo nakueleza vizuri.

Kilimo cha mwani kilianza hapa Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu ya kutoka Ufilipino. Bibi yako alisema ni mchezo wa watoto, kisha akawa wa kwanza kushuka pwani maji yakitoka. Kotoni ndiyo ilikuwa na bei, kwa kuwa ute wake mzito ndio unaotakiwa viwandani. Daftari zako za skuli zimetoka humo.

Halafu ikaanza kufa. Tawi linapauka, linakuwa jeupe, ukiligusa linakukatikia mkononi. Unafika shambani unakuta kamba tulizofungia mwani na vifundo tu. Akaja bwana mmoja na karatasi zake akatwambia tunafunga vibaya. Tulimsikiliza kwa adabu. Lakini miguu yetu ilikuwa inajua: wakati wa kaskazi, maji yaliyobaki kwenye vidimbwi yalikuwa ya moto kama ya kumkanda mzazi.

Wewe ndiye uliyenieleza mengine, kwamba makaa ya mawe, mafuta na gesi vikichomwa hutoa hewa ya ukaa inayozuia joto lisitoke, na zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo la ziada huishia baharini. Nambari hiyo hainitoki. Sisi wa nchi kavu tunapepea kawa kwa hicho kidogo kilichobaki, na mwani umelala ndani ya hayo mengine yote! Mwaka 1998 wavuvi walikuja na habari ya matumbawe kuwa meupe, na hakuna aliyefikiri kuwa zamu yetu inakuja.

Sisemi kila kitu ni joto. Mbegu ile ile tumeikata na kuifunga miaka yote hiyo, nayo imedhoofika. Ila spinosamu inastahamili, ingawa gunia zima bei yake ni ya kununulia sukari.

Sasa tunaambiwa kotoni inaweza kukaa maji ya kina, kwenye ubaridi. Wanawake wangapi hapa wanajua kuogelea? Nimeanza kujifunza, mwanangu, asubuhi na mapema kabla watu hawajaamka. Juzi nimeelea mpaka nikahesabu kumi. Baba yako usimwambie kwanza.

Mama yako