Barua kwa somo yangu: Siku ya Jabrin

Muscat, Oman

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai Idi imewapita salama hapo Mombasa. Sisi tulipewa mapumziko, basi tukajikusanya marafiki wa kazini, gari mbili, tukaenda kuiona ngome ya Jabrin. Mwenzetu mmoja, ambaye wazee wake walitoka Unguja, alipika mahamri. Tukayala njiani yangali moto, na Kiswahili kikatawala gari zima!

Jabrin iko bara, ukishapita Nizwa na Bahla. Ni uwanda mkavu wenye mitende, na hiyo ngome imesimama peke yake, rangi ya mchanga. Aliyeijenga, karne ya 17, ni Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, aliyekuwa Imamu, yaani mtawala, wa Oman. Kwa nje utadhani ni jengo la vita tu. Ingia ndani sasa. Juu kuna madrasa. Dari za mbao zimechorwa maua, nami nikatazama hadi shingo ikaniuma. Kuna Chumba cha Jua na Mwezi chenye madirisha 14, saba chini na saba juu: hewa baridi huingilia ya chini, ya moto ikapanda kutokea ya juu. Hata farasi wa Imamu alikuwa na chumba chake ghorofani.

Ghala la tende tulilikalia muda mrefu kuliko pote. Sakafu imetiwa vijifereji. Makanda ya tende yalipangwa moja juu ya jingine, uzito ukayakamua, asali ikachuruzika yenyewe hadi kwenye chombo. Na juu ya mlango wa ngome kuna tundu za kummwagia adui asali hiyo ikichemka. Nilisisimka mwili.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni kaburi. Bil'arab amezikwa mumo humo ndani ya ngome yake. Ndugu yake, Seif bin Sultan, alimwasi akautaka uimamu, akaja kumzingira hapa hapa Jabrin, na Bil'arab akafa mwaka 1692 akiwa bado amezingirwa. Somo, Seif huyo ndiye yule wetu! Ndiye ambaye majeshi yake yaliizunguka Ngomeni, Fort Jesus yetu hapo Mombasa, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, waliomo ndani wakimalizwa na maradhi, mpaka Mreno akatolewa.

Sisi tumecheza chini ya kuta zile tangu utotoni. Tulihadithiwa Mreno na Mwarabu, mizinga na njaa, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mshindi huyo, kabla ya kufika kwetu, alikuwa ameshamzingira nduguye wa damu. Nilisimama pale kaburini nikamsomea Fatiha, na nakwambia kweli, moyo wangu uko kwa Bil'arab. Seif aliteka nchi, na Waomani wanamheshimu kwa hilo, nami sibishi. Bila yeye pengine Mreno angekaa zaidi. Ila aliyejenga madrasa ndani ya ngome, akataka dari ipendeze hata kwa macho ya mwanafunzi aliyechoka, huyo ndiye ningependa watoto wetu wamjue. Wanaowatembeza wageni Ngomeni wangeweza kumtaja walau kwa sentensi moja. Wewe unawajua baadhi yao, hebu waambie.

Baadaye tulikula chini ya mitende, wali na nyama, kisha halua na kahawa chungu, tukarudi Muscat usiku.

Ukija, usije miezi ya kiangazi, joto la huku halina huruma. Njoo Desemba au Januari, nitakupeleka mwenyewe, tulale Nizwa ili tuifikie Jabrin asubuhi mapema. Nijulishe mapema tu nipate kuomba ruhusa kazini. Nisalimie mama sana, na umwambie zile kanga nimezipata.

Akupendaye,
Somo yako